Je, niiuze baiskeli? Jibu kwa fundi wa Tabata anayepita Mandela kila siku

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani wa miaka 38, ninaishi Tabata na meza yangu ipo Kariakoo. Kwa miaka miwili sasa nakwenda kazini kwa baiskeli kupitia Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kwa sababu nauli yangu na ya binti yangu wa miaka sita, ambaye namshusha shuleni karibu na Buguruni akiwa amekaa kwenye keria, ilikuwa inatumaliza. Mwezi uliopita daladala iliyokuwa imenipita ilikata ghafla mbele yangu kuwahi abiria, ikanisukumia mtaroni. Wiki tatu zilizopita, nashukuru nilikuwa peke yangu, niligongana uso kwa uso na kijana wa guta aliyekuwa akija kinyume na magari. Nilianguka nikajikinga kwa mkono, na hadi leo mkono unauma karibu na kidole gumba kila nikikamata breki. Mama watoto anataka niiuze baiskeli. Rafiki mmoja ananishauri niendeshe upande wa kulia ili niyaone magari yanayokuja. Mwingine anasema nijibane kabisa pembeni nisimkere mtu. Kusema kweli, siku hizi nikisikia honi nyuma yangu mwili wote unakufa ganzi. Hawa madereva wanatuchukia? Niache, au ipo namna ya kuendelea?"

Ndugu yangu, pole kwa yote mawili, na pole zaidi kwa mkono huo. Mkono nitaurudia mwishoni kwa kirefu, lakini kama una haraka ruka mengine yote uanze na aya ya mwisho, kwa sababu katika barua yako hilo ndilo jambo pekee lisilotakiwa kusubiri wiki nyingine. Mimi si daktari. Nimetumia miaka mingi nikifundisha madereva wa magari makubwa, na jioni ninarudi nyumbani kwa baiskeli, hivyo ugomvi huu ninaujua kutoka pande zote mbili za kioo.

Nianze na swali lako la chuki, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mengine. Dereva anayekuchukia kweli yupo, lakini ni nadra, na akiwepo afadhali, maana huyo amekwisha kukuona. Anayenitia hofu mimi ni yule asiyekuwa na habari kwamba upo. Itazame daladala iliyokukatia. Dereva wake anadaiwa hesabu na mwenye gari kila jioni, abiria wapatikane wasipatikane, na abiria anayepunga mkono kule mbele atachukuliwa na yeye au na mwenzake anayemfuata. Alipokupita alikuona, sina shaka. Ila akishakupita, kichwani mwake umekwisha kuwa kitu cha nyuma, kama nguzo ya umeme, na macho yote yamehamia kwa yule abiria na kwa konda anayegonga bodi. Anachosahau ni kwamba nguzo ya umeme haitembei, ilhali wewe ukienda kilomita 18 kwa saa unasogea mita tano kila sekunde, na yeye anapokanyaga breki kusimama, wewe ndiye unayemfikia.

Ndivyo ilivyo pia katika makutano. Dereva anayetoka barabara ndogo hutupa jicho kutafuta kitu kikubwa kinachoweza kumgonga yeye. Baiskeli haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo hata sura yake ikipita mbele ya macho, akili haiipokei. Wachunguzi wa ajali wameuzoea ushahidi wa dereva anayeapa kwamba aliangalia na hakuona kitu, na mara nyingi hadanganyi. Simtetei, kwani sheria inamtaka aone, na hukumu itamhesabia kosa. Ninakueleza hivi ili ujue kwamba kazi yako barabarani si kuwaridhisha madereva wala kuwakwepa. Kazi yako ni kuwa mahali ambapo macho yao tayari yanatazama, na kufanya jambo ambalo tayari wanalitarajia. Nikikushauri chochote hapa chini, pima kwa kipimo hicho.

Sasa tumpime rafiki yako wa kwanza. Ushauri wake una asili nzuri: mtembea kwa miguu, mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, anafundishwa tangu shule ya msingi kutembea upande wa kulia akiyatazama magari yanayokuja. Kwa mtembeaji ni sawa kabisa, kwa sababu anakwenda polepole na anaweza kuruka pembeni kwa hatua moja. Baiskeli hairuki. Fikiria gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa na wewe unakwenda 15. Mkielekea upande mmoja, linakufikia kwa tofauti ya mwendo wenu, yaani kilomita 35 kwa saa. Mkielekeana, mnafikiana kwa jumla yake, 65. Dereva akikuona kutoka mita 60, katika hali ya kwanza ana sekunde sita za kuamua, na katika ya pili ana tatu na kidogo. Tena katika hali ya kwanza anaweza kupunguza mwendo akakufuata mpaka nafasi ipatikane, lakini katika ya pili hata akisimama, wewe bado unakuja.

Hilo bado si baya kuliko yote. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo dereva anayetoka mtaani na kukata kushoto kuingia barabara kuu anatazama kulia, kwa kuwa magari yanatoka huko. Shingo yake inabaki kulia mpaka apate upenyo, na mguu unakanyaga mafuta kabla uso haujarudi mbele. Mwendesha baiskeli anayekuja kinyume anatokea kushoto kwake, mahali ambapo jicho halijafika. Mtu huyo anadhani anaona kila kitu, na ni kweli anaona. Tatizo ni kwamba haonekani.

Kijana wa guta, nadhani, hakufanya vile kwa ubishi. Mandela imegawanywa katikati, na mtu mwenye mzigo akitaka kufika ng'ambo au kurudi nyuma hatua mia mbili analazimika kwenda mbali hadi mahali pa kugeukia, akisukuma magunia kwa miguu yake mwenyewe chini ya jua. Anakokotoa, anaona mita mia mbili za kinyume ni nafuu kuliko kilomita nzima ya halali. Barabara iliyopangwa kwa ajili ya injini humsukuma mtu wa miguu kuvunja sheria, na hili waliopanga barabara wanastahili kuulizwa. Ila wewe uliyeanguka hukupata nafuu yoyote kwa kulijua hilo, kwa hiyo nikuambie la kufanya: ukimwona mtu anakuja kinyume, baki kushoto kwako, punguza mwendo, na ikibidi simama kabisa uweke mguu chini. Usikimbilie kulia kumkwepa, kwanza kwa sababu huko ndiko magari yaliko, na pili kwa sababu naye huenda akafanya hivyo hivyo mkakutana tena katikati. Aliyesimama anatabirika. Guta lenye mzigo linahitaji nafasi kubwa kusimama kuliko baiskeli yako, basi mwachie yeye achague pa kupita.

Rafiki yako wa pili naye ana heshima, na heshima hiyo itakuumiza. Ukijibana kwenye ukingo wa lami, dereva wa nyuma anaona upenyo. Hahitaji kupunguza mwendo wala kuhama njia, kwa hiyo hahitaji hata kukufikiria. Anapita, na kioo chake kinapita sentimita chache kutoka bega lako. Wakati huohuo upande wako wa kushoto umebaki na mchanga, vifuniko vilivyoibwa, maji ya mtaro na ukingo wa lami uliomeguka, na gurudumu la mbele likiteleza kwenye ukingo huo wewe unaangukia kulia, sio kushoto. Mita moja kutoka ukingoni ni kipimo kizuri katika barabara za mitaani. Inamlazimu dereva akuchukulie kama chombo kingine, na inakuachia akiba ya kukimbilia endapo atakosea. Penye magari yaliyoegeshwa, ongeza: mlango ukifunguliwa unameza mita nzima, na mtu anayefungua mlango hakutazama nyuma. Hili nimelishuhudia zaidi ya mara moja mitaa ya Kariakoo, mara zote kwa teksi inayoshusha mteja.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu baadhi ya wenzangu wanafundisha kwamba mwendesha baiskeli achukue katikati ya njia popote pale penye ufinyu. Mitaa ya Ilala ambako magari yanakwenda kilomita 20 au 30, nakubaliana nao. Mandela, ambako lori lenye kontena linatoka bandarini likikimbilia Ubungo, sikubaliani nao hata kidogo. Mbinu hiyo hutegemea dereva wa nyuma awe na muda wa kukuona na kusimama, na muda huo unakatwa na mwendo kwa namna ambayo watu wengi hawaikisii. Gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, litasimama ndani ya mita kama 18 likiwa kilomita 30 kwa saa, mita 35 likiwa 50, na karibu mita 70 likiwa 80. Tazama vizuri hesabu hiyo: pale ambapo wa kilomita 30 amekwisha kusimama, wa kilomita 50 bado hajaanza hata kupunguza, mguu wake ndio kwanza unaielekea breki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi kwa sababu ya aina hii, na lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya mita hizo. Kwa hiyo kwenye Mandela, kila palipo na njia ya pembeni itumie, hata kama imejaa wapiga debe na meza za chipsi na unalazimika kushuka kila baada ya hatua hamsini.

Usiichukulie njia ya pembeni kama ngome, hata hivyo. Barabara ya Morogoro ilipopata mabasi ya mwendokasi mwaka 2016 ilijengewa pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na kwa mbali zinapendeza. Zinapokatishwa na barabara za mitaa, usalama wake unakwisha, kwa sababu dereva anayeingia au kutoka hatarajii chombo pale pembeni. Kila kiungo cha namna hiyo kiendee kama ambavyo ungeiendea njia panda: punguza, tazama nyuma begani, kisha vuka.

Kuhusu daladala nina kanuni moja tu ninayoifuata bila kujadiliana nayo. Inaponipita karibu na kituo, na kwetu kila penye mtu aliyenyosha mkono ni kituo, naacha kukanyaga pedali, naweka vidole kwenye breki na kubaki nyuma yake. Ikisimama, nasubiri. Nikiwa na haraka, natazama nyuma, natoa mkono, kisha napita kulia kwake nikiacha nafasi, nikijua kwamba inaweza kuondoka wakati wowote. Kushoto kwake sipiti kamwe. Mlango wa abiria uko huko, na mama anayeshuka na ndoo yake ya samaki hana sababu yoyote ya kudhani kwamba kuna baiskeli kati ya mlango na mtaro.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo ndilo ningelala nikiliwaza kama ningekuwa mama watoto wako, ni kona ya Buguruni. Ukitoka Tabata unakata kushoto pale kuelekea Ilala na Kariakoo, na yapo malori yanayokata kushoto pamoja na wewe. Ninapofundisha, huwa namkalisha mwanafunzi kwenye kiti cha dereva wa lori, kisha nasimamisha baiskeli upande wa kushoto, jirani na gurudumu la mbele, na kumwuliza anaona nini. Wengi hunijibu kwamba hawaoni kitu. Wanashuka, wanazunguka, wanaikuta baiskeli, wananyamaza. Usukani uko kulia, mlango wa kushoto uko juu na mbali, na kioo cha pembeni kinaonyesha ubavu wa tela zaidi ya ardhi iliyo chini yake. Sehemu hiyo ni kipofu, na baiskeli nzima inaingia ndani yake bila hata ncha ya usukani kubaki nje.

Kisha lori linaanza kukata. Dereva hulipeleka kwanza mbele, pengine hata kulia kidogo, ili apate nafasi, na hapo ndipo mwendesha baiskeli hudanganyika akadhani lori linakwenda moja kwa moja na kwamba nafasi ya kushoto ni yake. Magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati alama za yale ya mbele. Yanakata ndani, na kwa tela refu kwenye kona kali tofauti hiyo inaweza kufika mita kadhaa. Nafasi uliyokuwa nayo sekunde mbili zilizopita inafungwa kama mkasi, kati ya ubavu wa tela na ukingo wa barabara. Watu wanaofia hapo hawagongwi kwa mwendo mkali. Wanasukumwa wakaanguka, kisha gurudumu la nyuma linapita.

Kwa hiyo lori likiwa limesimama kwenye taa, usijipenyeze kushoto kwake hata kama taa ni nyekundu na njia iko wazi kabisa mpaka mbele. Kaa nyuma yake. Kama wewe ndiye uliyetangulia kusimama, simama mbele kabisa mahali ambapo dereva akitazama kupitia kioo chake kikubwa atakuona mgongo, sio begani mwake. Na asubuhi ya foleni, pale Buguruni, mimi ningeshuka. Shuka, panda njia ya waenda kwa miguu, vuka na wengine huku ukiisukuma baiskeli, panda tena ukishafika ng'ambo. Inakugharimu dakika tatu, na hakuna mbinu ya kuendesha inayozishinda dakika hizo tatu.

Giza nalizungumzia kwa kifupi, ingawa nadhani ndilo hupoteza watu wengi wanaorudi kutoka Kariakoo. Kwetu magharibi haina subira. Nusu saa baada ya jua kuzama barabara ni nyeusi. Fulana ya rangi kali ya njano au machungwa inafanya kazi mchana kwa sababu inahitaji mwanga wa jua, na usiku inageuka kuwa fulana ya kawaida. Usiku unahitaji utepe unaoakisi, ule unaorudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva mwenyewe, na mahali bora pa kuufunga ni kwenye vifundo vya miguu, kwa kuwa vinapanda na kushuka na jicho la binadamu hukamata haraka kitu kinachosogea. Taa nyekundu nyuma ni lazima, nyeupe mbele ni lazima. Ukiwa fundi cherehani, sitarajii kukufundisha namna ya kushona utepe kwenye suruali.

Kofia ngumu vaa, lakini ujue inachofanya. Zile zinazopimwa kwa kiwango cha Ulaya hudondoshwa kwenye chuma kwa mwendo wa chini kidogo ya kilomita 20 kwa saa, yaani zimetengenezwa kwa mtu anayeanguka kutoka kwenye baiskeli yake. Katika kuanguka kwa namna hiyo zinaokoa kichwa. Dhidi ya lori hazikutengenezwa, na asikudanganye mtu kwamba kofia ni kibali cha kupita popote. Breki za baiskeli yako pia zikaguliwe na fundi, hasa kama ni zile za fimbo za chuma. Mvua ikilowesha rimu, hukawia kushika.

Nasi pia tuna makosa yetu, na nayasema kwa sababu dereva akituona tunayafanya anajifunza kutotuheshimu. Tunapita taa nyekundu. Tunaziba masikio kwa muziki. Tunakata kulia bila kutazama nyuma wala kutoa mkono, tukitegemea kwamba aliye nyuma ni mwema. Katika barua yako sikuona hata moja ya hayo, na pengine hufanyi. Lakini zoezi la kutazama nyuma begani bila baiskeli kuyumba lifanye kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili mpaka lizoeleke, kwa sababu wengi wanaogopa kutazama nyuma kwa vile wakitazama wanapinda.

Sasa binti yako. Hapa sitazunguka: usimpakie tena kwenye keria katika Barabara ya Mandela. Sisemi hivyo kukulaumu, najua nauli ilivyo. Mtoto wa miaka sita nyuma yako anapandisha uzito juu, anarefusha umbali wa kusimama, anageuka ghafla akimwona rafiki yake, miguu yake iko jirani na sipoku za gurudumu, na mkianguka yeye hana usukani wa kushika. Zaidi ya hapo, wewe ukiwa na maumivu ya mkono huwezi kukamata breki ipasavyo, na hilo peke yake lingetosha. Apande daladala na mama yake au na jirani anayepeleka mtoto shule hiyo hiyo, au kama kuna njia za ndani umbebe kwa baiskeli huko kwenye mitaa tulivu na mmalizie kwa miguu.

Na shuleni pazungumziwe. Dar es Salaam ndiko ulikoanzia mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ambao hupima barabara zinazozunguka shule za msingi na kuziwekea vitu vya kawaida kabisa: njia ya kutembea iliyotenganishwa na magari, tuta, kivuko, kizuizi cha kuzuia bodaboda kupita walipo watoto. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, ukiishinda miradi ya fedha nyingi zaidi. Kamati ya shule yako na serikali ya mtaa wanaweza kuomba tuta na kivuko bila kusubiri mradi mkubwa, na wazazi kumi wakisaini barua pamoja husikilizwa kuliko mmoja anayelalamika.

Tumefika kwa ombi la mama watoto. Ukiiuza baiskeli, hatari haitakwisha; itabadilika sura. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba barabara huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Mtu anayeacha baiskeli akaanza kupanda bodaboda ili awahi amehama kutoka hatari moja kwenda nyingine iliyo na mwendo mkubwa zaidi. Anayepanda daladala amepunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ila bado atavuka Mandela kwa miguu mara mbili kwa siku. Kwa upande mwingine baiskeli inakupa fedha, afya na saa zako mwenyewe, na hizo si faida ndogo kwa fundi anayelipwa kwa nguo iliyokamilika.

Nikiwa mahali pako nisingeuza, wala nisingeendelea kama zamani. Ningechunguza Jumapili moja, bila haraka, njia za ndani za kutoka Tabata ambazo zinakwepa sehemu ndefu ya Mandela, hata zikiongeza dakika kumi na tano. Ningetoka kabla foleni haijashona lakini baada ya mwanga kupatikana. Buguruni ningeivuka kwa miguu. Siku za mvua kubwa, na siku nitakazochelewa hadi usiku, ningelipa nauli bila kujutia. Kama baada ya kujaribu hivyo kwa mwezi mmoja bado hakuna njia inayokwepa malori, nami ningemsikiliza mkeo.

Ikitokea tena chombo cha moto kikakugusa, hata ukiwa mzima, chukua namba za gari na za simu za shahidi mmoja kabla watu hawajatawanyika, kisha ripoti polisi upewe PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Kama umeumia sana matibabu yatangulie, fomu itafuata. Sheria inalitaka kila gari liwe na bima ya kufidia watu wengine, na wewe uliye juu ya baiskeli ni mmoja wa hao watu wengine. Wengi hawalijui hilo na huishia kupokea pesa ya soda kutoka kwa konda. Kampuni ya bima ikikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Bima. Daladala inayoendeshwa hovyo kila siku katika njia ileile inaripotiwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa namba yake ya usajili. Kwa guta huna bima ya kudai, na hapo pengine mazungumzo na chama chao kijiweni yatafaa zaidi kuliko kesi.

Ule ganzi unaoupata ukisikia honi ni jambo la kawaida baada ya kuanguka mara mbili ndani ya muda mfupi, na kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki chache wakianza tena taratibu, mtaa tulivu kwanza. Lakini kama unaota ajali, hulali, au ganzi hiyo inakufanya ushindwe kuendesha kwa ulinganifu, usijilazimishe. Mwendesha baiskeli anayeganda barabarani hatabiriki. Mwambie mganga wa kituo cha afya akuelekeze kwa mshauri, kama ambavyo ungemwambia kuhusu mguu.

Na sasa mkono. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja kilichofunguka, kuna mfupa mdogo chini ya kidole gumba, ndani ya kile kishimo kinachoonekana ukinyoosha gumba juu, ambao huvunjika bila kelele. Mkono hauvimbi sana, vidole vinacheza, na mtu anadhani ameteguka tu. Mara nyingine hata picha ya kwanza haionyeshi ufa. Tatizo lake ni damu: sehemu ya mfupa huo hupata damu kwa njia moja nyembamba, na ukipasuka ukaachwa bila kufungwa huweza kukataa kuunga, kisha kifundo kikadhoofika kwa miaka. Wewe umekaa wiki tatu, unauma karibu na gumba, na unauma ukibana breki. Kesho nenda hospitali yenye picha ya mionzi, mweleze daktari ulivyoanguka na umwonyeshe kishimo hicho kwa kidole. Picha ikitoka safi na maumivu yakabaki, mwombe akuambie urudi lini kupigwa nyingine. Usikubali kuchuliwa mkono na mtu yeyote kabla ya picha. Mkasi wako wa kazi unashikwa na mkono huohuo, na mpaka daktari aseme umepona, baiskeli ibaki imefungwa kwa mnyororo nyumbani.